Mkasi Haufiki Mzizini

Nywele hukua kutoka shinani, wala si kutoka nchani. Jambo hili likishikwa vizuri, swali la kama kupunguza ncha mara kwa mara huzifanya nywele zikue upesi lina jibu fupi: hapana. Mkasi hufanya kazi kwenye ncha, na kazi ya kuotesha nywele hufanyika milimita chache ndani ya ngozi ya kichwa, mahali ambapo mkasi haufiki na habari zake hazifiki. Hata hivyo ushauri wa "kata ncha ili zikue" husikika kila siku katika saluni, na una sababu zake za kuaminiwa. Sababu hizo zinastahili kuelezwa kwa heshima, maana wanaouamini ushauri huo wameona kitu kwa macho yao wenyewe. Walichokosea ni maelezo tu.

Kabuga ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Mji huo uko pembezoni mwa Kigali upande wa mashariki, katika sekta ya Rusororo, wilaya ya Gasabo, kando ya barabara kuu iendayo Rwamagana na Kayonza. Kayonza barabara hugawanyika, moja ikielekea Rusumo kwenye mpaka wa Tanzania, nyingine Kagitumba kwenye mpaka wa Uganda. Malori yatokayo Dar es Salaam hupita Kabuga kabla ya kuingia mjini, kwa hiyo Kiswahili si kigeni hapo, na mitindo ya nywele husafiri kwa barabara hiyohiyo. Katika mji wa namna hiyo mwanamume hunyolewa kwa mashine, na jirani yake husukwa rasta kwa saa nyingi. Mwanafunzi naye huja mwisho wa juma kunyolewa karibu na ngozi, kwa sababu shule nyingi za Rwanda huwataka wanafunzi, wa kike kwa wa kiume, wawe na nywele fupi. Watu hao watatu wana swali moja: mbona zake zinakua, zangu hazikui?

Kiswahili chenyewe kina maneno ya kulipanga swali hilo. Nywele huota, hurefuka, hukatika, hunyonyoka. Kuota ni kazi ya mzizi. Kurefuka ndicho kinachoonekana kwenye kioo na kupimwa kwa rula. Kukatika ni unywele kuvunjika njiani, mzizi ukabaki kichwani. Kunyonyoka ni unywele kutoka mzima, pamoja na mzizi wake. Mtu akisema "nywele zangu hazikui", mara nyingi sana anachoeleza ni kwamba hazirefuki, na hazirefuki kwa sababu zinakatika nchani kwa kasi ileile inayoota shinani. Mizizi yake ni mizima kabisa. Makosa mengi ya matunzo ya nywele huanzia hapo, kwenye kuchanganya kuota na kurefuka.

Kila unywele hutoka katika kifuko chembamba kilichozama kwenye ngozi. Chini kabisa ya kifuko hicho mzizi umevimba kama kitunguu kidogo, na ndani yake seli hugawanyika kwa kasi, zikilishwa na mishipa myembamba ya damu. Seli mpya huzisukuma za zamani kwenda juu. Zikiwa njiani zinajaa keratini, protini ileile iliyomo katika kucha na kwato, kisha zinakufa. Kinachotokeza juu ya ngozi ni uzi usio na uhai, hauna damu wala mshipa wa fahamu. Ndiyo maana unywele ukikatwa hauumi na uking'olewa unauma. Hakuna njia yoyote ambayo ncha iliyokatwa ingeweza kuutumia mzizi ujumbe kwamba sasa uongeze mwendo.

Imani ya mkasi imeazima mfano wake shambani. Mkulima wa kahawa hupogoa miti yake na huiona ikichipua kwa nguvu. Mfugaji hukata majani ya mifugo na baada ya majuma machache anakuta yamerudi. Lakini mti ni hai hadi ncha ya tawi. Tawi likikatwa, macho yaliyokuwa yamelala chini ya mkato huamka na kutoa machipukizi mapya. Unywele hauna macho ya namna hiyo. Mti pia hurefuka kwa kuongeza nchani, wakati unywele huongeza chini na kusukuma juu, kama kamba inayotolewa kisimani: anayeivuta anaona mwanzo wake tu, na urefu wote unatoka kusikoonekana.

Mizizi haifanyi kazi milele bila kupumzika. Kila mmoja una msimu wake wa kuotesha, ambao kichwani huchukua kati ya miaka 2 na 6 hivi, kisha majuma mawili au matatu ya kusimamisha kazi, kisha mapumziko ya miezi kama mitatu, na mwishoni unywele wa zamani huanguka ili kuupisha mpya. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kwa wakati wowote ule asilimia 85 hadi 90 ya hizo ziko katika msimu wa kuota. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Urefu wa mwisho ambao mtu anaweza kuufikia hutegemea msimu huo wa kuota, na msimu huo hupangwa zaidi na urithi. Nyusi na kope zina msimu wa miezi michache tu, kwa hiyo hakuna anayehitaji kwenda kuzipunguza ili zisifike kidevuni.

Swali la kama kukata huharakisha nywele halikuachwa kwenye hoja tupu. Mwaka 1928 mtaalamu wa maumbile ya mwili wa Marekani, Mildred Trotter, alichapisha utafiti juu ya wanaume wanne walionyoa ndevu zao kwa utaratibu uliopangwa. Aliangalia rangi, unene na kasi ya kuota, na hakuona kwamba kunyoa kulibadilisha hata kimoja. Mwaka 1970 watafiti wengine wa Marekani, Lynfield na Macwilliams, waliwachukua vijana watano, wakanyoa mguu mmoja wa kila kijana mara moja kwa juma kwa muda wa miezi kadhaa, na mguu wa pili wakauacha. Uzito wa nywele zilizoota, unene wake na kasi yake havikutofautiana kwa maana yoyote. Watu hao ni wachache, ni kweli. Lakini jaribio la mguu kwa mguu lina nguvu yake, kwa sababu damu ni moja, chakula ni kimoja, umri ni mmoja, na kilichotofautiana ni wembe peke yake.

Mila za Rwanda zina mfano mwingine wa kufikiria, nao ni amasunzu. Huu ni unyoaji wa zamani ambapo sehemu za kichwa hunyolewa na nyingine huachwa zisimame kama vilima au mwezi mchanga. Hutajwa namna zaidi ya 30 za kuukata. Walikuwa nao wanaume, na walikuwa nao wasichana waliofikia umri wa kuolewa. Msichana akiisha kuolewa aliziacha nywele zikue. Mwaka 2018 mwigizaji Lupita Nyong'o wa Kenya aliupeleka mtindo huo mbele ya dunia kwenye sherehe za tuzo za Oscar. Kichwa chenye amasunzu ni kama lile jaribio la miguu miwili: mistari inanyolewa mara kwa mara, na kando yake vilima vimeachwa. Kunyoa kungekuwa kunaharakisha nywele, mistari iliyonyolewa ingewahi kujaa kuliko vilima vilivyo kando yake, na mchongaji wa amasunzu angekuwa na vita isiyoisha.

Basi mbona aliyenyolewa huona nywele zake zinarudi mbio? Jibu la kwanza ni hesabu. Kitana namba 1 cha mashine ya kunyolea huacha nywele zenye urefu wa milimita 3. Mwanafunzi wa Kabuga akinyolewa hivyo Jumamosi, siku 12 baadaye nywele zake zina milimita 6, yaani urefu umekuwa mara mbili, na mwalimu ataliona hilo kutoka mlangoni. Dada yake mwenye nywele za sentimita 30 naye ameongeza milimita 3 katika siku hizohizo, lakini hakuna jicho litakalozitambua. Mizizi yote miwili imefanya kazi sawa. Kimoja kimeongezewa juu ya kidogo, kingine juu ya kingi.

Jibu la pili ni umbo la ncha. Unywele ambao haujawahi kukatwa huishia kwa ncha iliyochongoka taratibu, kama ncha ya unyasi. Ukikatwa, unaacha kisiki butu chenye unene wote wa unywele. Kiganja kikipita juu yake huhisi ugumu, na jicho huona weusi zaidi. Unene haukuongezeka, ila sehemu nyembamba imeondolewa.

La tatu linahusu watoto wachanga. Waislamu wa pwani, na wa Rwanda vilevile, humnyoa mtoto siku ya saba katika akika, na uzito wa nywele hizo hutolewa sadaka kwa thamani ya fedha. Hiyo ni ibada, nayo ina sababu zake za kidini zisizohitaji ushahidi wa maabara. Lakini pembeni yake yamekua maneno kwamba mtoto asiponyolewa nywele za tumboni hatapata nywele nzito. Ukweli ni kwamba nywele za kuzaliwa nazo hupukutika zenyewe katika miezi ya mwanzo na mahali pake huja nyingine zenye nguvu zaidi, mtoto awe amenyolewa au la. Wembe ulipita karibu na mabadiliko ambayo yangekuja bila wembe, ukapewa sifa isiyo yake.

Kasi ya kuota ndiyo mahali ambapo ushauri wa saluni unaweza kumdhuru mtu wa Afrika Mashariki, kwa hiyo inafaa kukaa hapo kidogo. Mwaka 2001 mtafiti Loussouarn alichapisha vipimo vya nywele za vijana 38 wenye asili ya Afrika ya Kati na Magharibi. Wastani wa kuota ulikuwa mikrometa 256 kwa siku, robo ya milimita na kidogo. Nywele za Wazungu alizozilinganisha nazo ziliota mikrometa 396 kwa siku. Kwa mwezi, nywele za Kiafrika huongeza milimita 7 au 8 hivi, na kwa mwaka zaidi kidogo ya sentimita 9. Huo ni wastani, na wapo wanaouzidi na wasioufikia. Tofauti hiyo si ugonjwa wala upungufu wa chakula. Ndivyo nywele zilivyo.

Sasa uchukuliwe ule ushauri maarufu wa kukata sentimita moja kila baada ya wiki sita. Kwa mwenye nywele za kasi ya mikrometa 396, wiki sita huleta milimita 16 na nusu. Akikata 10, anabaki na 6 na ushee, na mwisho wa mwaka ameongeza karibu sentimita 6. Kwa mwenye mikrometa 256, wiki sita huleta milimita 10 na robo tatu. Akikata 10, kinachobaki hakifiki hata milimita moja, na mwisho wa mwaka ameongeza milimita 6 au 7 tu, urefu wa punje ya mchele. Mwanamke huyo amekwenda saluni mara nane au tisa, amelipa kila mara, ameketi, ametii, na anaondoka akiamini kwamba nywele zake zina tatizo. Hazina tatizo. Ratiba ndiyo yenye tatizo, kwa maana ilipangwa kwa nywele za watu wengine, tena kwa mitindo inayohitaji kuchongwa upya kila mara. Hili ni jambo la kusikitisha, kwa sababu linawakatisha tamaa watu wasio na kasoro yoyote.

Chembe ya ukweli iliyomo katika imani ya mkasi iko kwenye neno kukatika. Unywele mmoja ukitazamwa kwa hadubini, nje umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ndani yake kuna nyuzi nyingi zilizosongamana, kama kamba ya katani. Magamba yakiwa mazima, nyuzi zimefungwa na unywele unateleza. Yakichakaa, nyuzi hufumuka, na ncha ya unywele hupasuka mara mbili au tatu, sawasawa na ncha ya kamba iliyokosa fundo. Mpasuko huo hupanda. Kila chanuo linapopita, hunasa kwenye ncha iliyofumuka, hunasisha na nyingine jirani, na unywele hukatika juu zaidi ya pale ulipopasukia. Hakuna mafuta yanayoweza kuuunga tena. Yapo yanayougandisha kwa siku chache mpaka uoshwe. Dawa pekee ya ncha iliyopasuka ni kuikata.

Kwa hiyo mkasi hauongezi kinachoota. Huzuia kidogo kisipotee. Mtu anayekatikiwa sentimita 8 kwa mwaka kwa sababu ya ncha zilizopasuka anaweza kukata sentimita moja na nusu kwa mwaka mzima, kidogo kidogo, na kubaki na nyingi zaidi. Huyo atasema nywele zake zimeanza kukua baada ya kupunguzwa, na kwa anavyoona yeye atakuwa amesema kweli.

Nywele za kipilipili zina haja zaidi ya uangalifu huo kuliko nywele zilizonyooka. Unywele wake ni bapa kidogo, si mviringo, nao hujizungusha na kubadili mwelekeo mara nyingi, na kila kona ni mahali dhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hushuka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini hushindwa kuzunguka kona hizo zote, kwa hiyo ncha hubaki kavu. Nyuzi pia hujifunga fundo zenyewe. Daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, Nonceba Khumalo, na wenzake waliozitazama nywele hizi kwa hadubini walikuta fundo na mikatiko mingi hata kwa watu wasiotia dawa yoyote.

Ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote. Kwa kasi ya sentimita 9 kwa mwaka, ncha ya unywele wa sentimita 28 ina umri wa miaka mitatu. Imepita katika misimu mitatu ya kiangazi kirefu, ile miezi ya Juni hadi Agosti ambayo Wanyarwanda huiita Impeshyi, hewa ikiwa kavu na vumbi likipaa. Imechomwa na jua la mji ulio juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi. Imesuguliwa na mto wa kulalia zaidi ya usiku elfu moja, imefungwa na kufunguliwa, imechanwa ikiwa kavu na ikiwa mbichi. Kama imewekwa dawa ya kulainisha, vifungo vya ndani vya keratini vilishavunjwa kwa makusudi. Kama imepitishwa pasi ya moto, maji yake yaliondoka ghafla. Haishangazi kwamba huanza kufumuka.

Wapo wanaofikia urefu mkubwa bila kupunguza ncha kabisa. Morani wa Kimaasai huacha nywele zake kwa miaka, amezisokota na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu, mpaka siku ya eunoto, sherehe ya kuvuka rika, mama yake anapomnyoa. Wanawake wa Kibasara wa Chad, ambao nywele zao hufika kiunoni, huzipaka unga wa chebe uliochanganywa na mafuta, kisha huzisuka na kuziacha. Chebe husifiwa siku hizi kama kiotesha nywele, lakini kinachoelezeka kwa urahisi zaidi ni kwamba unga na mafuta huushika unyevu, na msuko huzuia msuguano, kwa hiyo kinachoota hakikatiki. Wanyarwanda wa zamani nao walijua kujipaka siagi ya ng'ombe, na mwenye nywele za rasta za kweli, zile zilizofungamana zenyewe, huzirefusha kwa miaka bila mkasi kwa kuwa ncha zimefichwa ndani ya kifungo. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeuharakisha mzizi.

Kuna hasara nyingine ambayo mkasi hauwezi kabisa kuisaidia, nayo iko upande wa pili wa unywele. Rasta zikisukwa kwa nguvu mno, hasa zikiwa nzito na ndefu, huvuta mizizi ya ukingo wa nywele, kwenye paji na juu ya masikio. Vipele vidogo hutokea, ngozi huuma, na mwenye kichwa huambiwa avumilie, maumivu yataisha kesho. Mwaka 2007 Khumalo na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi 1,042 wa shule za Cape Town. Asilimia 17.1 ya wasichana walikuwa wamepoteza nywele kwa sababu ya kuvutwa, na kwa wavulana hakuna hata mmoja. Mwanzoni hasara hiyo hurudi, msuko ukilegezwa. Ikiendelea kwa miaka, kifuko hufunga kwa kovu na hakioteshi tena. Msusi anayeanza kusuka kwa kulegeza ukingo amefanya kazi kubwa kuliko mkasi wowote, na mteja anayesema "inaniuma, legeza" anatetea mizizi yake.

Kichwa kinachonyolewa hakivutwi, lakini nacho kina hatari zake. Katika utafiti huohuo wa Cape Town, wavulana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wengi wao wakinyolewa kila mwezi au zaidi, asilimia 4.7 walikuwa na vipele sugu vya kisogoni, ambavyo huweza kuacha makovu magumu yasiyoota kitu. Kunyoa hadi kwenye ngozi kabisa ndiko kunakochokoza vipele hivyo, na mwenye navyo hupata nafuu akiacha milimita chache. Mashine isiyosafishwa nayo huweza kuhamisha mapunye kutoka kichwa cha mtoto mmoja hadi kingine, na mapunye hukata nywele na kuacha mabaka. Kwa saluni inayopokea wanafunzi wengi Jumamosi moja, kusafisha meno ya mashine baada ya kila kichwa kuna faida kubwa kwa ukuaji wa nywele za mtaa mzima.

Ikiwa nywele zinatoka kwa wingi, ni lazima kwanza kujua zinatokaje, na kipimo chake hakihitaji hospitali. Nywele zilizobaki kwenye chanuo huwekwa juu ya kitambaa cheupe au kwenye mwanga wa mlangoni. Unywele wenye kinundu cheupe upande mmoja umenyonyoka kutoka kwenye mzizi. Usio na kinundu, mfupi, wenye ncha mbili za kawaida, umekatika. Nyingi zikiwa zimekatika, mkasi, mafuta na mkono mwepesi vina la kufanya. Nyingi zikiwa na kinundu, kupunguza ncha ni kupoteza wakati. Mama aliyejifungua huona nywele zake zikipukutika miezi miwili hadi minne baadaye, kwa sababu mizizi mingi iliyochelewa kupumzika wakati wa ujauzito hupumzika kwa pamoja. Mara nyingi hurudi zenyewe. Homa kali, upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo huleta hali kama hiyo, na hayo ni ya kupimwa kituo cha afya. Zipo dawa zinazougusa mzizi kweli, kama minoksidili, iliyoanza kama dawa ya shinikizo la damu na kuruhusiwa Marekani kwa upara wa wanaume mwaka 1988. Hiyo hupakwa kwenye ngozi. Ncha haziihitaji.

Kupunguza ncha kwa faida, basi, hufuata hali ya ncha zenyewe wala si kalenda. Ncha zikipitishwa kati ya vidole na kuhisika kama ufagio, zikinasana wakati wa kufumua msuko, zikionyesha vifundo vidogo na mipasuko, wakati umefika. Kwa nywele zisizo na dawa, mara mbili au tatu kwa mwaka mara nyingi hutosha, na milimita 5 hutosha kila mara. Zilizowekwa dawa au kupitishwa moto huhitaji zaidi. Ni vizuri kuzigawa katika misokoto midogo, kuinyoosha, na kukata kile kipande chembamba cha mwisho cha kila msokoto, kwa sababu nywele za kipilipili zikikatwa zikiwa zimejikunja haionekani nini kinaondoka. Mkasi uwe wa nywele, mkali, usiotumika kukata kitambaa wala karatasi. Mkasi butu huziponda nyuzi badala ya kuzikata, na mpasuko mpya huanzia pale pale ulipotakiwa kuishia.

Msichana wa Kabuga anayemaliza mtihani wa taifa wa kidato cha sita mwezi Julai, akiwa na nywele za milimita 5, ataanza kuziacha siku hiyo. Kwa kasi ya wastani, Julai inayofuata atakuwa na karibu sentimita 10. Mwaka wa kwanza hana ncha kongwe za kukata, kwa hiyo mkasi unaweza kumsubiri. Kuanzia hapo, akipunguza milimita 5 mara tatu kwa mwaka, anatoa sentimita moja na nusu kati ya tisa, na mwaka wa tatu ukiisha ana sentimita 25 hivi, kama msuko haukumvuta na moto haukumpitia. Huenda yeye mwenyewe asiamini, kwa sababu zikikauka zitajikunja na kuficha zaidi ya nusu ya urefu huo. Atahitaji kusimama mbele ya kioo, kushika unywele mmoja wa utosini na kuuvuta polepole hadi unyooke, ndipo auone ukishuka kupita sikio.